Mama Mayai na Chupa Chungu

Kazini walimwita Mama Mayai, ingawa hakuwahi kuuza hata yai moja maishani mwake. Alikuwa mpishi. Wateja wake, sasa, hao ndio balaa: vijidudu vya kifua kikuu. Watu walikohoa katika zahanati za kila upande, makohozi yao yakaletwa kwenye maabara iliyo nyuma ya hospitali kubwa, na ili ijulikane kama kweli kijidudu kimo ndani yake, ilibidi kipewe chakula, kiwekwe kwenye joto, kisha kisubiriwe wiki nyingi mpaka kiote. Mashine za kutoa jibu siku hiyo hiyo zilikuwa bado hazijafika. Chakula hicho alikipika yeye, mwaka nenda mwaka rudi, na hakuna aliyewahi kukilalamikia.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi, chenye sinki mbili na meza ya bati iliyosuguliwa hadi ikang'aa. Asubuhi aliletewa mayai kwa trei. Aliyaosha kwa sabuni, akayafuta kwa spiriti, kisha akavunja moja moja juu ya kikombe na kulinusa, kwa sababu yai viza likiingia kwenye beseni kazi yote imekwenda na maji. Aliyapiga, akayachuja kwa shashi, akatia chumvi za aina aina na rangi ya kijani inayowafukuza wadudu wengine wasije wakavamia meza isiyo yao. Mwisho akajaza vichupa na kuvilaza upande ndani ya kabati la mvuke, chakula kikaganda kwa mshazari. "Wageni wangu hawa wanakula mayai kila siku ya Mungu," alizoea kusema, "na mimi mwenyewe nyumbani mayai nayaona kwa macho tu."

Chupa zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza ilitiwa gliserini, ile ile ya kupaka ngozi, ambayo ukiilamba ni tamu. Ya pili haikutiwa gliserini, bali chumvi nyeupe iliyokaa kwenye friji ndani ya kopo dogo, jina lake piruvati. Jina hilo lilikuwa na kona nyingi mno kwa watu wenye kazi, basi ukumbi mzima ukakubaliana kuziita chupa tamu na chupa chungu. Mkuu wa zamani alikuwa na msimamo mmoja usioyumba: kila mgonjwa apandiwe kwenye tamu na kwenye chungu, mbili mbili, hata mje mkilia. Kwa nini, wachache walikumbuka. Walimpachika jina la Mzee Mbilimbili na wakamcheka mpaka siku alipostaafu.

Mkuu mpya hakuwa mtu mbaya. Heri tuseme hivyo mapema, kwa sababu hadithi hii ingekuwa nyepesi kama angekuwa mbaya, tungemtupia lawama zote tukaenda kulala. Alikuta sampuli zimerundikana, watu wachache, kabati la joto limejaa hadi mlangoni. Siku moja aliingia chumba cha mayai, akaegemea ukuta kama mtu aliyekuja kupumzika.

"Mama, hizi chungu zinaota kitu kweli?"

"Mkuu, zikishachemshwa ni mimi ninayeziosha. Nyingi zinarudi tupu kama zilivyokwenda. Na ukiona chungu imeota, ujue na tamu yake imeota."

"Kwa hiyo tukiziacha, tutapungukiwa na nini?"

"Mimi nitakushukuru! Ninanuka mayai mpaka kwenye harusi za watu."

Mkuu alicheka mpaka akafuta macho, na chungu zikaishia hapo. Hakikuitishwa kikao wala hakuna aliyepinga. Mama Mayai alikuwa amesema kweli tupu, na mkuu alikuwa ameuliza swali la maana, na kabati la joto likapata nafasi. Aliyekuja kufa kwa sababu ya mazungumzo hayo wakati huo alikuwa mzima wa afya, anachuna ngozi machinjioni.

Huyo alikuwa mdogo wake Mama Mayai, mtoto wa mwisho wa mama yao. Wenzake walimwita Kisu, na jina lilimkaa, maana alikuwa na ulimi mkali na mkono mwepesi. Mama yao alipofariki, Kisu alikuwa hajaota meno, na dada yake, naye msichana tu, ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia chakula, akampeleka shule kwa kumburuta. Alikua akawa pande la mtu. Kila Jumapili alikuja na mkewe kwa dada yake, akaketi kwenye kiti kile kile kilicholalamika chini yake, na utani ukaanza.

"Dada, kazi yetu moja. Mimi nachinja, wewe unafuga."

"Wangu hawapigi kelele kama wako."

"Wako ndio wabaya basi. Mnyama asiyelia si wa kumwamini."

Wifi yake, yaani mke wa Kisu, aliwacheka wote wawili na kuwaambia kwamba nyumba nyingine huzungumzia mambo ya maana wakati wa kula.

Uvimbe ulianza chini ya sikio, kitu kidogo kama kokwa. Kisu akasema ni jino. Kisha ukawa kama yai, na dada yake, ambaye kwa mayai hakuna wa kumfundisha, hakupenda hata kidogo. Usiku shati lililowa jasho. Mkanda wa suruali ukatobolewa tundu jipya, na baadaye jingine. "Wifi," yule mke alimwambia jikoni kwa sauti ya chini, "mdogo wako anaisha." Wakamshika mkono, mmoja huku na mmoja kule, wakampeleka hospitali huku akiwauliza kama wanampeleka kumuuza.

Daktari alichoma sindano kwenye tezi, akavuta usaha kidogo. Chini ya hadubini hakuonekana mdudu, lakini daktari hakuridhika, akaupeleka maabara ukapandwe. Mama Mayai alipoambiwa usaha wa nani umeingia, alivunja mayai ya siku ile kwa uangalifu kuliko siku zote. Hapa moyo wake ulikuwa umegawanyika, na aliliona hilo: alitaka kisiote kitu, na bado asingeweza kupika vibaya hata ungemlipa. Chupa zile zilitoka nzuri mno. Zilikuwa tamu zote, maana nyingine hazikuwepo tena.

Aliyepanda alikuwa fundi wa maabara ambaye kwa kazi yake hiyo walimwita Mkulima. Kila alipofungua kabati la joto, Mama Mayai alikuwa nyuma ya bega lake.

"Kitu?"

"Hamna kitu. Shamba limekauka."

"Angalia vizuri."

"Mama, nikiangalia zaidi ya hapa nitaingia ndani ya chupa."

Wiki zikapita, na muda wa kusubiri ukaisha. Mkulima akainua chupa za Kisu kwenye mwanga, akazigeuza, akasema maneno ambayo watu wa maabara wamefundishwa kuyasema: "Hakuna kilichoota." Maneno hayo ni ya haki na hayana hila. Yanasema kwamba juu ya chakula hiki, kwa muda huu, hakikuota kitu. Hayasemi kwamba hakikuwemo. Mama Mayai alikuwa ameyasikia maisha yake yote ya kazi na aliijua tofauti hiyo kama anavyojua yai zima na yai viza. Lakini alikuwa dada kabla ya kuwa mpishi. Alitoka nje ukumbini, akapiga simu, akasema kwa sauti iliyowafanya watu wageuke: "Wifi, safi! Nimeona kwa macho yangu. Ni safi!"

Upande wa pili alisikia kigelegele, kisha kilio, kisha sauti ya Kisu mwenyewe: "Mwambie dada aniwekee yai moja."

Neno lile "safi" lilifanya kazi ambayo hakuna daktari angeweza kuifanya. Daktari alipotaka kumrudisha Kisu atobolewe tena, Kisu alimjibu kwamba dada yake ndiye anayewapikia hao wadudu, ameingia jikoni mwenyewe, amesema safi, sasa wewe unabisha na mpishi? Daktari naye aliangalia jibu la maabara, likakubaliana na Kisu. Kama si kifua kikuu, akawaza, basi huenda ni uvimbe wa aina nyingine, ile ambayo watu hawapendi kuitaja. Akampangia tarehe ya vipimo vikubwa, na wakati wakisubiri akampa vidonge vya kupunguza uvimbe.

Navyo vikapunguza. Tezi ikanywea, homa ikashuka, Kisu akala hadi mkewe akaficha sufuria. Akarudi machinjioni. Tarehe ya vipimo ilipofika akasema haoni sababu. Jumapili kile kiti kikalalamika tena, na Mama Mayai alimtazama mdogo wake akifuta sahani, akajisikia mwenye bahati. Hakujua, na nani angemwambia, kwamba vidonge vile vilikuwa vimewalewesha walinzi wa mwili, na wadudu waliokuwa ndani walikuwa wanakula bila kusumbuliwa.

Kisha kichwa kikaanza kumuuma. Shingo ikakaza. Asubuhi moja akamwita mkewe kwa jina la dada yake, akamuuliza kama ameshafanya hesabu za shule. Siku hiyo alilazwa.

Kesho yake Mama Mayai alikwenda kazini kwa sababu hakujua aende wapi, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, yai viza likaingia kwenye beseni. Harufu ilifika ofisini kwa mkuu. Mkuu alikuja akamkuta amesimama, hajamwaga wala hajafunika.

"Mama, kuna nini?"

Alimwambia yote. Mkuu alisikiliza, akauliza maswali ya kawaida: wapi, tangu lini, dawa gani. Kisha akauliza, bila kutegemea kitu, "Anafanya kazi gani huyo mdogo wako?"

"Machinjioni. Anachuna ng'ombe."

Mkuu alivuta kreti ya mayai, akaigeuza, akaketi juu yake na shati lake jeupe.

"Kuna kifua kikuu cha watu," alisema hatimaye, "na kuna cha ng'ombe. Ni ndugu, ni vigumu kuwatofautisha. Lakini hawali sawa."

"Hawali sawa vipi?"

"Gliserini, ili iwe nguvu mwilini mwa kijidudu, inateremshwa kwa ngazi, kidato baada ya kidato. Wa ng'ombe ngazi yake imekatika kidato kimoja, karibu na chini. Anafika pale anakwama. Kwenye chupa chungu tulikuwa tunampa kile kinachopatikana chini ya kidato hicho, tayari kimeshateremshwa. Kwenye tamu anaota kwa taabu, au haoti kabisa."

Mama Mayai alifikiri kama mpishi, maana hakuwa na njia nyingine ya kufikiri. "Kama amekatika ngazi, mbona mwilini anaishi?"

"Mwilini hahitaji hiyo ngazi." Mkuu alisugua uso wake. "Mwilini kuna chembe walinzi. Zikimwona kijidudu zinammeza, na tumboni mwake mlinzi kuna tindikali ya kumyeyusha. Huyu akimezwa anazuia tindikali isimfikie, anakaa. Halafu yule mlinzi, kwa kuugua, anaanza kujaa mafuta, matone matone, kama mtu anayeweka akiba. Kijidudu anakula hayo mafuta, na mafuta yana mlango wao mwingine, hayapiti kwenye ngazi. Anashiba, anazaa, mlinzi anapasuka, wanakwenda kwa mwingine."

"Kwa hiyo ndani ya mdogo wangu alikuwa anakula mafuta yake, na kwangu amekaa mezani na njaa."

"Ndiyo."

"Na mimi nikaona hali chakula, nikasema hayupo."

"Tuliona sote, Mama. Tulimpikia sote."

"Wewe hujawahi kuvunja yai, Mkuu."

Ndilo jambo kali kuliko yote alilowahi kumwambia mkubwa wake wa kazi, na mkuu alilipokea akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akainuka, akaenda wodini mwenyewe, bila kutuma mtu, akawaambia madaktari kosa la maabara yake bila kulizungusha. Vile vidonge vya uvimbe havikuweza kukatwa ghafla, lakini dawa za kifua kikuu zilianza mchana ule ule, ukiondoa moja ambayo aina ya ng'ombe haiiogopi. Mama Mayai akatoa kopo kwenye friji. Piruvati ilikuwa imeshikana madonge lakini ilikuwa nzima. Akapika chungu. Mkulima akachukua usaha uliobaki kwenye barafu, akapanda, na mara hii hakuleta utani wa shamba.

Wodini wifi alikuwa ameketi upande mmoja wa kitanda na yeye akaketi upande wa pili. Kisu alikuwa amelala na macho nusu wazi, mfupa wa shavu umejitokeza, mikono ile iliyokuwa ikigeuza ng'ombe mzima imekaa juu ya shuka kama ya mtu mwingine. Dada yake alimtazama akajua sasa nini kinaendelea, na kujua kulikuwa adhabu. Walinzi wa mwili wake walikuwa wamegeuzwa ghala. Kila alichokula zile Jumapili nzuri, na yeye akimwongezea kwa furaha, kilikuwa kinakwenda kunenepesha wengine. Yeye, mpishi wao, alikuwa hajui kuwalisha. Mwili wa mdogo wake ulijua.

Wifi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alimaliza kufuta midomo ya mumewe kwa kitambaa chenye maji, akakikunja, akasema huku akikitazama kile kitambaa, "Ulisema safi."

"Nilisema."

"Ulisema umeona kwa macho yako."

"Niliona, wifi."

Dawa ziliendelea kwa wiki kadhaa, na kulikuwa na asubuhi moja ambapo homa ilishuka na muuguzi akatabasamu. Kisu alifungua macho, akageuza kichwa kwa shida, akavuta pumzi. "Dada," alisema, "unanuka mayai." Mama Mayai alicheka kwa sauti, akacheka na wifi, muuguzi naye akacheka bila kujua kinachochekesha. Kisu alifariki siku iliyofuata, kabla ya jua kupanda, dada yake akiwa ameshika mguu wake kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa ya mkewe.

Aliporudi kazini baada ya matanga, watu walimpa pole na kupisha njia. Aliosha mayai yake. Kabla ya mchana Mkulima alikuja mlangoni, akasimama tu. Mama Mayai akajua. Akajifuta mikono na kumfuata kwenye kabati la joto. Zilikuwa chupa mbili, zimepandwa usaha mmoja, saa moja, na mkono mmoja. Tamu ilikuwa tupu, laini, kijani kama alivyoipika. Kwenye chungu kulikuwa kumetapakaa vidoa vidogo vyeupe, vimelala bapa, vyenye umajimaji, vingi, vimeshiba.

Alivitazama kwa muda mrefu. Alitarajia hasira, na ilikuja. Lakini pamoja nayo, na hili hakumwambia mtu, lilikuja jambo jingine dogo la kuaibisha: chakula kilikuwa kimepikwa vizuri.

Mkuu alirudisha chungu kwa wagonjwa wote, siku hiyo hiyo, na hakuna aliyecheka wala kutafuta jina la kumpa. Ila palikuwa na shida moja. Chakula kipya kila kikipikwa lazima kijaribiwe, nacho hakijaribiwi kwa kuonja. Hupandwa kijidudu kinachojulikana kuwa kizima, na kikiota, chakula ni kizuri. Kwa tamu walikuwa nacho. Kwa chungu kile cha zamani kilikuwa kimekufa zamani, kwa kukosa mtu wa kukilisha. Mkuu alikuja tena kwenye chumba cha mayai, na safari hii hakuegemea ukuta.

"Tunaweza kuagiza kingine mbali," alisema. "Kitachukua miezi. Na sampuli za watu wa machinjioni zimeshaanza kuja. Hiki cha mdogo wako kingetufaa, tukiweke na kukilisha, ila nakuuliza wewe, Mama. Ukisema hapana, tutakichoma leo na hakuna atakayekuuliza tena."

Mama Mayai alikuwa na yai mkononi. Aliwaza kuhusu hao watu wa machinjioni, wenzake Kisu, ambao aliwaona makaburini wakiwa wamevua kofia. Aliwaza dada zao.

"Kiwekeni," alisema, akavunja yai, akalinusa.

Siku ya arobaini wifi alikuja kwake. Walikaa jikoni wakachambua mchele, kwa kuwa mikono inapokuwa na kazi maneno yanaumiza kidogo. Wifi alikuwa amepungua, lakini alikuwa amekuja, na Mama Mayai alishukuru kimoyomoyo. Mchele ulipokwisha, wifi aliuliza bila kuinua macho.

"Kile kilichomuua. Mlikichoma?"

Mama Mayai alikung'uta makapi kwenye sinia. Aliona ngazi na milango na matone ya mafuta, na kila alichoambiwa na mkuu, na sababu zote nzuri, na akaona kwamba hakuna hata moja inayoweza kuwekwa mbele ya mwanamke huyu ikaitwa jibu.

"Tulikichoma, wifi. Hakikubaki hata kidogo."

Wifi aliitikia kwa kichwa. Akalia kidogo, kilio chepesi cha mtu aliyetua mzigo, na kwa mara ya kwanza tangu msibani akaegemeza kichwa kwenye bega la wifi yake. Mama Mayai alimshika. Jumatatu alifika kazini mapema kuliko wote na kuanza kuosha mayai, kwa sababu Mkulima alikuwa amemwambia kwamba kile chakula cha mwanzo, kwenye chupa chungu waliyoiweka, kimeanza kukauka, na yule wa ndani amekwisha kukila karibu chote.